Wiki 52, njia moja: namna ya kupiga picha za hali ya hewa na mazingira ya kijijini, Moshi

"Mlima umefunguka." Neno hilo likisemwa asubuhi kwetu Uru, mtu huacha ufagio palepale akatoka uani kutazama. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tumezaliwa tukaikuta, tutakufa tuiache, na bado ikijitokeza tunatoka nje.

Mimi hutoka na simu. Kila Jumamosi, huu mwaka wa tatu, napita njia ileile: kutoka nyumbani, katikati ya kihamba (shamba la nyumbani la Kichagga), hadi kwenye mfereji, kisha napanda kidogo mpaka mahali penye uwazi ambapo mlima uko upande wa kaskazini na nyanda za Moshi ziko chini upande wa kusini. Kwenda ni dakika 25. Wengi walioziona picha hizo wameniuliza waanze vipi na wao, kwa hiyo naandika hapa yote niliyoyajifunza, pamoja na yaliyonigharimu.

1. Chagua njia kabla ya mandhari

Mtu akipata hamu ya kupiga picha za mazingira, mawazo yake huenda mbali: maporomoko ya Materuni, Ziwa Chala, geti la Marangu. Ni mahali pazuri kweli, na nakuombea ufike. Ila mradi wa kila wiki unaodai nauli, kiingilio na siku nzima hautafika mwezi wa pili. Wa kwangu wa kwanza ulikufa hivyo. Nilipanga kila wiki niende sehemu mpya. Wiki ya tatu tukawa na msiba Rombo, ya nne mvua ikanyesha kutwa, ya tano sikuwa na nauli. Ukaishia hapo.

Tafuta njia ya kutembea kwa miguu, isiyozidi nusu saa kutoka unapolala. Iwe na uwazi wa kuonyesha anga. Iwe na maji ya aina yoyote, mto, mfereji, hata bwawa la msimu, kwa sababu maji ndiyo ya kwanza kusema mvua imekuwaje huko juu. Iwe na mti unaobadilika, wa kuchanua au kupukutisha majani, na iwe na kitu kinacholimwa. Kihamba cha kawaida cha Kichagga kina karibu vyote hivyo ndani ya hatua 200: migomba juu, mikahawa katikati, magimbi kando ya mfereji, mringaringa mmoja mkubwa unaotoa kivuli na maua meupe.

Anayeishi mjini asijione hana bahati. Msitu wa Rau uko jirani na mji, na mbega weupe wapo humo. Upande wa Mabogini na Chekereni kuna mashamba ya mpunga. Majaruba yakijazwa maji na upepo haujaamka, mlima mzima unaonekana kichwa chini ndani ya jaruba. Wa Arusha ana Mlima Meru na mashamba ya kuelekea Ngaramtoni.

Jambo moja la mipaka. Huku juu, baada ya mashamba, kuna ukanda wa msitu tunaouita nusu maili, kisha hifadhi ya taifa. Usipenye kwa vichochoro ukisema unapiga picha tu. Hifadhini watu huingia kwa kibali na kwa malipo. Kaa pia mbali na kambi za jeshi, vituo vya polisi na madaraja makubwa.

2. Siku moja, saa moja, jiwe moja

Hapa ndipo penye moyo wa mradi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jiwe langu liko chini ya masale, mimea tunayoipanda mpakani. Ni jiwe la kawaida la mto, nililibeba mwenyewe nikalizika nusu ili lisisogezwe. Kila Jumamosi nasimama visigino vikiwa juu yake, naishika simu kwa upana, usawa wa kifua. Kona ya chini kushoto ya picha lazima iguse shina la mgrivea wa jirani. Ukingo wa kulia lazima ukate bati la banda la ng'ombe katikati. Sivuti karibu hata kidogo. Picha ya wiki ya kwanza niliisafisha studio, nikaitia kwenye mfuko wa shati, nami huitoa kulinganisha kabla sijabonyeza.

Kwa nini usumbufu wote huo? Kwa sababu picha moja ya mlima kila mtu anayo. Ukiziweka kumi na tano zilizopigwa kutoka mguu uleule, kila kilichobadilika kinajitokeza chenyewe: mahindi yamepanda, theluji imeshuka chini baada ya usiku wa mvua, jirani amekata tawi, kivuli cha banda kimehama. Ukisogea hatua mbili tu, jicho linahangaika kutafuta kilichosogea na mabadiliko yote yanapotea.

Saa niliyochagua ni 12:45 asubuhi. Hapa kwetu jua halibadiliki sana: Novemba huchomoza dakika kama 10 baada ya saa 12, Februari na Julai karibu saa 12:40. Kwa hiyo saa 12:45 jua limeshatoka mwaka mzima. Siku nilichagua Jumamosi kwa kuwa Jumapili ni ibada na siku za kazi sina nafasi. Chagua siku ambayo hata ukiwa umechoka utaamka.

Piga picha tatu tu za kubaki nazo. Ya kwanza ni ya jiweni. Ya pili ni ya kitu cha karibu, unachoweza kukigusa kwa mkono. Ya tatu ni huru, chochote kilichokusimamisha njiani. Unaweza kubonyeza mara 30 ukipenda, ila kabla hujalala siku hiyo zibaki tatu. Aliyejaza picha 200 kwa wiki hazichambui kamwe.

3. Vifaa

Simu uliyonayo inatosha. Futa lenzi kwa kitambaa cha pamba kila ukitoka. Nusu ya picha zenye ukungu nilizoonyeshwa na wenzangu zilikuwa na mafuta ya vidole. Washa mistari ya gridi ili upeo wa ardhi usiegemee upande. Zima flashi. Chaji ijae usiku wa Ijumaa. Ukiwa na kamera kubwa, vizuri, lakini usiahirishe mradi ukiisubiri.

4. Ujue mwanga wa kwetu

Sisi tuko karibu na ikweta, digrii 3 na kidogo kusini, na jua letu hupanda wima. Ule mwanga wa dhahabu unaopendwa na wapiga picha hapa hudumu kama nusu saa tu, asubuhi na jioni. Ukichelewa kwa kunywa chai, umeukosa. Kunywa ukirudi.

Mlima nao una majira yake ya kuangaziwa. Ukiwa Moshi unautazama kuelekea kaskazini. Desemba na Januari jua linachomoza kusini-mashariki, kwa hiyo linaupiga uso uleule unaouona, na theluji inang'aa yote. Juni linachomoza kaskazini-mashariki. Mwanga unapita ubavuni, upande mmoja wa Kibo unawaka na mwingine unabaki kivulini, mabonde yanaonekana kina chake. Picha zote mbili ni nzuri, kila moja kwa namna yake. Ukilijua hilo hutashangaa kwa nini picha ya Juni haikufanana na ya Krismasi.

Kuna na saa za mawingu. Jua likishapasha mteremko, hewa ya nyanda hupanda ikifuata mgongo wa mlima, inapoa, mvuke wake unageuka wingu. Siku nyingi saa nne au saa tano asubuhi msitu umeshafunikwa na kilele hakionekani. Jioni ardhi ikipoa, wingu hulegea, na mara nyingi mlima hujitokeza tena muda mfupi kabla ya giza. Anayekuja saa sita mchana akasema Kibo haionekani, saa ndiyo iliyomkosesha.

Kumbuka pia kwamba hapa hali ya hewa hubadilika kwa kupanda. Kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa karibu nyuzi 0.6. Mji wa Moshi hupata mvua isiyofika milimita 1,000 kwa mwaka, na msitu wa upande wa kusini wa mlima hupata zaidi ya 2,000. Ndiyo maana bodaboda anaondoka stendi jua likiwaka, akifika Uru anavaa koti. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilize, lakini utazame na mlima wako.

5. Hali mbaya ya hewa ndiyo mada yenyewe

Wanaoanza huishia hapa. Wanasubiri siku nzuri. Ukisubiri siku nzuri utakuwa na picha za Januari na Februari tu, anga la buluu lile lile, na mwaka wako hautakuwa na masika wala baridi ya Julai. Ile saa 12:45 ikifika, toka.

Ukungu. Kuanzia Juni hadi Agosti wingu linaweza kukalia vijiji siku nyingi mfululizo, manyunyu yakidondoka bila kuwa mvua. Mlima sahau. Tazama migomba: ule wa kwanza ni kijani kizito, wa pili umefifia, wa tatu ni kivuli, wa nne ni karibu na hewa. Panga picha yako kwa tabaka hizo. Simu ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaitia picha ujivujivu. Gusa kioo mahali penye ukungu, kisha pandisha mwanga kidogo kwa kidole mpaka ukungu uwe mweupe kama unavyouona.

Theluji ni kinyume chake. Ukigusa shamba, theluji inaungua ikawa doa jeupe lisilo na umbo. Gusa theluji, shikilia kidole mpaka mwanga ufungwe, halafu shusha kidogo. Shamba litakuwa jeusi kiasi, na hilo linavumilika.

Mvua ina siri moja: haionekani mbele ya anga. Tafuta nyuma yake kitu cheusi, mlango wa banda ulio wazi au kivuli cha migomba, na mwanga uwe unatoka ubavuni. Simama upenuni ukiwa mkavu. Kama simu yako ina sehemu ya kupanga kwa mkono mwendo wa kamera, yaani muda ambao lenzi hubaki wazi, sekunde 1/500 huyagandisha matone yakawa shanga, na 1/60 huyavuta yakawa nyuzi. Za masika mimi hupenda nyuzi, kwa sababu mvua ya Aprili kwetu haidondoki, inamwagika. Radi zikianza, acha kila kitu uingie ndani. Chini ya mti mkubwa si mahali pa kujificha.

Usiingize simu iliyopoa moja kwa moja jikoni penye moto. Lenzi itatoka jasho. Iache mfukoni kama robo saa.

Upepo, kwangu mimi, unasomwa kwenye jani la mgomba. Siku moja ya Septemba nililitazama kwa karibu jani lililokuwa zima wiki iliyotangulia. Lilikuwa limechanika kuanzia ukingoni hadi kwenye mshipa wa katikati, vipande kumi na vitatu, vyote vimelalia upande wa magharibi, na ncha za vile virefu zimeanza kuwa kahawia. Katikati ya michaniko miwili kulikuwa na tone la umande lililoshindwa kushuka. Nililipiga picha. Ile ndiyo picha yangu ya pili ya wiki ile, na mpaka leo naiona ni sahihi zaidi kuliko picha yoyote ya mti ulioinama.

Kiangazi nacho usikidharau. Nyanda za kuelekea Himo huinua visulisuli vya vumbi mchana; vinaonekana kutoka mbali kama moshi uliosimama. Vumbi hilohilo likitanda hewani, jua la jioni huzama jekundu.

6. Vitu vinavyopita haraka

Mlima utakusubiri hata mwaka kesho. Kuna vitu havikusubiri.

Ua la mkahawa ndilo la kwanza. Mikahawa iliyokaa kiu ikipata mvua nzuri, baada ya siku kama kumi hivi vichipukizi vyote hufunguka pamoja. Shamba linageuka jeupe, harufu yake kama asumini inaingia mpaka chumbani. Siku mbili, tatu, maua yananyauka. Mwaka wa kwanza yalichanua Jumatatu, mimi nikaenda Jumamosi kama kawaida yangu, nikakuta kahawia tupu. Iliniuma. Tangu hapo najiruhusu safari moja ya ziada katikati ya wiki, na mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha naanza kuhesabu siku.

Kumbikumbi hutoka jioni baada ya mvua za mwanzo. Simama chini ya taa au uwatazame dhidi ya jua linalozama, mabawa yao yanapitisha mwanga. Mijakaranda huchanua Oktoba na Novemba, mijini zaidi kuliko kwetu juu, na mikrismasi hufuata kwa wekundu wake. Kinyonga dume wa pembe mbili anapatikana kwenye mteremko huu. Ukimkuta usimguse wala usimhamishe tawi ili apendeze. Hondohondo utamsikia kabla ya kumwona, mabawa yake yana mvumo. Simu haitamfikia. Piga mti alioutua, uandike jina lake kwenye daftari.

7. Watu wa njia yako

Njia ya kijijini si yako peke yako. Salimia kwanza, simu ikiwa mfukoni. Ukitaka kupiga mtu anayechuma kahawa, omba, umwambie picha ni ya nini. Mtoto, muombe mzazi wake. Akikataa, mshukuru upite.

Mwezi wa Februari mwaka jana mfereji wetu ulikuwa umekauka. Wazee huuita mfongo. Ulichimbwa na waliotutangulia na bado unasimamiwa kwa zamu za maji. Nilikuwa nimeinama nikipiga tope lililopasuka, babu mmoja jirani akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Unapiga nini hapo, na maji hakuna?"

"Napiga hivyo hivyo kulivyo kukavu, Babu. Wiki ya tatu leo."

Akatazama tope kwa muda. "Basi siku maji yakirudi upige na hiyo. Halafu uniletee zote mbili."

Maji yalirudi wiki ya tatu ya Machi, ya rangi ya udongo, yakisukuma majani makavu mbele yake. Nilisafisha picha zote mbili nikampelekea. Amezichomeka kwenye kioo cha kabati.

8. Daftari na kuhifadhi

Daftari dogo la shule linatosha. Andika tarehe, saa, mlima umefunguka au umejifunika, wingu liko wapi, upepo, mfereji umejaa kiasi gani, na jambo moja ulilosikia njiani. Dakika tano.

Ukitaka kupima mvua, chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke pa wazi mbali na miti na mabati, kisha pima kina cha maji kwa rula kila asubuhi. Milimita unazosoma kwenye rula ndizo milimita za mvua. Kopo lisiwe lililopanuka juu, vipimo vitadanganya.

Picha zipe majina yanayoanza na mwaka, mwezi, siku, halafu namba ya wiki, zitajipanga zenyewe. Na uzinakili. Nasema kwa uchungu: wiki ya 19 ya mwaka wangu wa kwanza simu ilinitoka mkononi ikaingia mferejini. Mara ya mwisho kunakili ilikuwa wiki ya nane. Wiki 11 zilikwenda na maji, masika nzima, na masika ile hairudi. Sasa kila Jumamosi jioni picha tatu zinakwenda kwenye flashi diski inayokaa nyumbani, na mwisho wa mwezi namtumia dada yangu Dar nakala. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, vinginevyo picha inabanwa na ubora unapotea.

Ukikosa wiki moja, acha pengo lake. Usijaze kwa picha ya wiki nyingine. Andika "sikwenda, nilikuwa na homa", uendelee.

9. Mwisho wa mwaka

Safisha zile 52 za jiweni kwa inchi 4 kwa 6. Kwa bei ya studio nyingi ni mzigo ukizisafisha zote kwa mkupuo, kwa hiyo peleka nne au tano kila mwezi. Siku ikifika, ondoa meza sebuleni uzipange sakafuni, safu nne za picha 13, kila safu robo ya mwaka. Nafasi ya mita 2 inatosha.

Usitegemee kuiona barafu ya Kibo ikipungua ndani ya mwaka mmoja. Kati ya 1912 na 2011 ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake, lakini kinachoonekana kutoka vijijini wiki hadi wiki ni theluji mpya, inayoanguka usiku na kuyeyuka baada ya siku chache. Utakachokiona sakafuni ni kijani kikisafiri kutoka kona moja hadi nyingine.

Safu yangu ya tatu ilikuwa na picha nne nyeupe mfululizo, za Julai, ukungu mtupu, hata mgrivea hauonekani vizuri. Nilitaka kuziondoa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama, akaweka kidole juu ya ile ya pili.

"Hapa," akasema, "ndipo kahawa ilipogoma kukauka."

Nikaigeuza, nikaandika maneno yake nyuma, chini ya tarehe, nikairudisha mahali pake.